Somo: Amua kazi ya protini ya faji kabla ya kuiandika

Jeni za faji wako (kirusi kinachoshambulia bakteria) zimeshapatikana, sasa kila protini inadai jina. Hapa naomba utulie. Jina la makosa likishaingia GenBank, hazina ya umma ya mfuatano wa jeni, wenzako watalinakili miaka na miaka.

Hatua ya 1. Anza na BLASTp, programu inayotafuta protini zinazofanana na yako. Usichukue jina la juu ukaondoka: majina kumi yanayofanana huenda ni kosa moja lililonakiliwa mara kumi. Tafuta angalau ndugu mmoja ambaye kazi yake ilithibitishwa maabara.

Hatua ya 2. Nenda HHpred, na hapa ukae. Programu hii hulinganisha familia za protini, kwa hiyo hunasa undugu wa mbali. Uwezekano wa asilimia 90 na zaidi unatia moyo, lakini tazama ni sehemu gani ya protini iliyolingana. Tuseme protini yako ina amino asidi 300, HHpred imeipa uwezekano wa asilimia 98 wa kuwa ndugu wa kimeng'enya, ila amino asidi zilizolingana ni 40 tu, zile za kushika DNA. Kimeng'enya hujakipata. Andika "protini inayoshika DNA", basi.

Hatua ya 3. Angalia majirani. Kwa faji wengi wenye mkia mrefu, jeni ya terminasi (hupakia DNA kichwani) hufuatwa na ya portali (mlango wa DNA), kisha ya kapsidi (ganda la kichwa), kisha jeni za mkia. Protini ya kipimo cha mkia haijifichi, kwani jeni yake mara nyingi ndiyo ndefu kuliko zote. Ya faji lambda ina amino asidi 853, na urefu wake ndio unaoamua urefu wa mkia.

MASWALI

Mwalimu, kabla ya jeni ya kipimo cha mkia nina mbili fupi, na ya pili haina kodoni (herufi tatu za DNA) nzuri ya kuanzia. Niifute?

Usiifute! Huenda ni chaperoni za mkia, yaani protini zinazosaidia kuujenga. Ribosomu huteleza nyuma herufi moja na kuendelea kusoma; kwa lambda huteleza penye GGGAAAG. Tafuta mahali kama hapo mwishoni mwa jeni ya kwanza. Ukipapata, ya pili iandike ikianzia pale pale inapoanzia ya kwanza.

Shikamoo mwalimu. Protini yangu inapenya utando wa seli mara mbili, nayo jeni yake imepakana na ya lisini A, kimeng'enya kinachovunja ukuta wa bakteria. Ni holini, ile inayotoboa utando?

Marahaba. Ikiwa ni hiyo peke yake hapo, iite holini. Zikiwa mbili za namna hiyo na hakuna ushahidi wa kuzitenganisha, zote ziandike "protini ya utando".

Zaidi ya nusu ya protini zangu hazina jina. Nimekosea?

Hapana, mwanangu, kwa faji ni kawaida. Ziandike "kazi haijulikani".