Mtoto mmoja ana kisukari aina ya kwanza: namna ya kupima hatari ya ndugu zake

Mtoto anapogunduliwa kuwa na kisukari aina ya kwanza, wazazi huuliza kwanza habari za insulini, kisha, mara nyingi kwa sauti ya chini, huuliza kama wadogo zake nao wataugua. Mwongozo huu unahusu swali hilo la pili. Jambo moja liwe wazi tangu mwanzo: ugonjwa huu hausababishwi na peremende alizokula mtoto, wala na uzembe wa mlezi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huzishambulia seli za beta za kongosho, ambazo ndizo zinazotengeneza insulini, na shambulio hilo huendelea kimyakimya kwa miezi au miaka kabla ya dalili yoyote kuonekana.

Anza kwa kuandika ni nani katika ukoo mwenye ugonjwa huu na ulimwanza akiwa na umri gani. Kati ya ndugu 100 wa watoto wagonjwa, takriban 5 hadi 7 huupata maishani. Zaidi ya 90 hawaupati. Baba akiwa ndiye mgonjwa, hatari ya mtoto ni karibu 6 kwa 100, na mama akiwa mgonjwa ni ndogo zaidi, kati ya 1 na 4. Kwa pacha wa kufanana hatari hupanda hadi 30 au 50 kwa 100, nayo huzidi kupanda kadiri miaka inavyopita. Takwimu hiyo ya mapacha ndiyo ninayoiona kuwa na funzo kubwa kuliko zote, kwa maana watu wawili wenye vinasaba vilevile wanaweza kuachana njia, mmoja akaugua na mwenzake akabaki mzima kwa miaka mingi. Mweleze pia jirani asiye na mgonjwa nyumbani kwake, kwa sababu karibu watoto 9 kati ya 10 wanaogunduliwa hawana ndugu wa karibu mwenye ugonjwa huu.

Takriban nusu ya hatari ya kurithi imo katika kundi la jeni liitwalo HLA, lililo kwenye kromosomu ya 6. Jeni hizo hutengeneza vishikio vinavyozionyesha chembe za kinga vipande vya protini, ili zitambue kilicho cha mwili na kilicho kigeni. Aina za DR3-DQ2 na DR4-DQ8 huongeza hatari, hasa mtoto akirithi moja kwa baba na nyingine kwa mama, ilhali aina ya DQB1*06:02 hukinga kwa nguvu. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi jozi ileile aliyoirithi mgonjwa, na huyo ndiye wa kuangaliwa kwa makini zaidi. Hata hivyo, sishauri familia ianze na kipimo cha HLA. Wengi wenye aina hizo hawaugui kamwe, na jibu lake haliwezi kukuambia kinachotendeka ndani ya kongosho leo.

Sasa tuje kwenye virusi, mahali ambapo wazazi hujilaumu bure. Mtoto alikuwa na homa na mafua; wiki moja baadaye sukari yake ikakutwa juu mno, na mama anaamini kwamba homa ile ndiyo iliyoleta kisukari. Kwa kawaida sivyo. Homa huongeza mahitaji ya insulini, na kongosho lililokwisha kupoteza seli nyingi hushindwa kuyatosheleza, hivyo homa hufichua ugonjwa uliokuwapo tayari.

Virusi vinavyoshukiwa kuchochea shambulio lenyewe hupita mapema zaidi. Vinavyotajwa sana ni enterovirusi, hasa vya kundi la Coxsackie B, ambavyo huingia kwa kinywa na kuzaliana utumboni. Seli za beta zina kipokezi kiitwacho CAR, nacho ndicho mlango ambao virusi hivyo huutumia kuingia. Tena, jeni ya IFIH1, inayosaidia seli kutambua virusi vya namna hii, ni miongoni mwa jeni zinazobadilisha hatari ya kisukari, kwa hiyo urithi na maambukizi hukutana palepale. Utafiti wa TEDDY, unaowafuatilia watoto wa Marekani, Ufini, Uswidi na Ujerumani, ulionyesha mwaka 2019 kwamba maambukizi ya enterovirusi B yaliyodumu muda mrefu yalihusiana na kuanza kwa shambulio, wakati yale mafupi ya kupita hayakuhusiana nalo. Rubela inayompata mtoto akiwa tumboni nayo huongeza hatari, na hiyo ina chanjo. Kamilisha chanjo zote, kwani hazijaonekana kuleta kisukari, na zoeza kunawa mikono. Lakini usimfungie mtoto ndani, kwa sababu hakuna anayekua bila kukutana na enterovirusi.

Kipimo chenye maana kwa ndugu ni cha kingamwili katika damu, yaani protini za kinga zinazoonyesha kwamba shambulio limeanza: dhidi ya insulini na protini nyingine tatu za seli za beta ziitwazo GAD65, IA-2 na ZnT8. Mwombe daktari akifanye, hasa mtoto akiwa na miaka 2 na tena akiwa na miaka 6. Jibu likiwa chanya, damu ichukuliwe mara ya pili kuthibitisha. Aina moja pekee ya kingamwili huleta hatari ndogo, lakini watoto wenye aina mbili au zaidi, takriban 70 kati ya 100 huugua ndani ya miaka 10. Hao wafuatiliwe sukari kwa ratiba, na mzazi aulize kuhusu teplizumabu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kuchelewesha ugonjwa kwa wenye miaka 8 na zaidi ambao sukari yao imeanza kuyumba.

Kama kipimo hicho hakipatikani, macho yako yatatosha kwa mengi. Tazama mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akirudia, nepi inayolowa kupita kawaida, kiu inayomwamsha usiku, nguo zinazompwaya ingawa anakula vizuri. Ukiona hayo, apimwe sukari kwa tone la damu ya kidole siku hiyohiyo, bila kungoja asubuhi afunge kula. Milimoli 11.1 kwa lita au zaidi, pamoja na dalili hizo, ni kisukari. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu na kwa kina, au pumzi yake ikinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane, na neno lako la kwanza mlangoni liwe: "Mpimeni sukari sasa, ndugu yake ana kisukari."