Somo: Mgongo wa kijana ukimnyima usingizi, anzia hapa

Kijana wangu wa Kidato cha Tatu alipoanza kulalamika mgongo nililaumu begi. Kisha nikalaumu godoro la bweni, halafu mpira. Kila sababu niliyoipata ilitupeleka kwenye duka lile lile la dawa: anadungwa sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, analala siku mbili vizuri, tunarudi. Miezi minne ikaisha hivyo, na kumbe ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mimi si daktari. Hizi ni hatua ambazo ningefuata kama ningeanza leo.

1. Anza na usiku. Maumivu ya misuli kwa kawaida hupungua mtu akijilaza. Yale yanayomwamsha mtoto usingizini ni mengine. Wangu nilikuwa namkuta saa nane za usiku ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, hataki hata taa iwashwe. Chukua daftari uandike saa, mahali panapouma, homa, jasho la usiku, na kama nguo zinaanza kumpwaya. Daktari alilisoma lile daftari kwa makini kuliko alivyonisikiliza mimi.

2. Mtazame mgongo wenyewe. Avue shati, ainame mbele viganja vikiwa vimeunganishwa. Ubavu mmoja ukiinuka kuliko wa pili, huenda uti umepinda. Kisha angusha kalamu umwambie aiokote. Wangu hakuinama. Alichuchumaa polepole, mgongo wima kama nguzo, mkono mmoja pajani, akaiokota hivyo. Niliona nikadhani ni deko!

Ukiona kinundu katikati ya uti, tafadhali, asiende kwa mkandaji. Najua mama mkwe atasema kuna mzee fulani anayenyoosha mifupa. Mfupa uliolika ukikandamizwa unaweza kubana neva, na mtoto akapooza.

3. Jua kisichongoja Jumatatu. Miguu kulegea au kufa ganzi, mkojo kukwama au kumtoka bila kujua, ganzi kwenye sehemu anazokalia, homa kali pamoja na mgongo, au maumivu baada ya kuanguka mwembeni au kwenye bodaboda. Hiyo ni dharura siku hiyo hiyo: walio Kisumu wanaijua Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi, Nakuru ni hospitali ya rufaa tuliyozoea kuiita PGH. Tafuta gari alale chali. Bodaboda hapana.

4. Kama si dharura, anzia kituo cha afya. Hakikisha umeandikishwa SHA, bima ya afya ya serikali (unaweza kupiga *147#), na mtoto yumo chini yako; cheti chake cha kuzaliwa kiwe tayari. Omba barua ya rufaa inayotaja muda wa maumivu na dawa alizokwisha kupewa. Barua ya "mgongo unauma" tu haimsaidii anayempokea.

5. Uliza kuhusu vipimo. Eksirei, damu, mkojo, na huku kwetu Nyanza na Magharibi uliza pia kuhusu selimundu, ile sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Eksirei yetu ya kwanza ilisomwa kuwa safi, nami nikashangilia. Kumbe kifua kikuu cha mfupa kinaweza kuchelewa kuonekana humo. MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, ndiyo huona mapema. Kwa hiyo maumivu yakiendelea, rudi, hata ukiitwa msumbufu. Picha zote tunza.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Ahero: Binti yangu ana sikoseli. Mgongo ukimshika nifanye nini?*
Dada, maji mengi, joto, na parasetamoli kwa kipimo cha uzani wake. Barafu usiweke, baridi huzidisha. Asipotulia, au homa ikifika 38, ni hospitali, usisubiri kuche.

*Baba wa Kakamega: Wangu anacheza raga, inamuuma akijipinda kwa nyuma.*
Huenda ni ufa mdogo kwenye mfupa wa chini ya mgongo, vijana wa michezo huupata. Mpumzishe mchezo, apimwe. Wengi hupona kwa mapumziko na mazoezi ya fiziotherapia, bila kisu.

*Mama wa Njoro: Maziwa yanahusika? Mwalimu wake alisema hivyo.*
Ya ng'ombe asiyepimwa, yakinywewa bila kuchemshwa, yanaweza kuleta brusela, nayo hushika mgongo na viungo pamoja na homa ya kuja na kuondoka. Mwambie daktari mnakunywa mabichi, yeye hatakisia.

*Dada wa Nyamasaria: TB ya mgongo inaambukiza? Wadogo zake wanalala chumba kimoja.*
Ya mgongo peke yake haiambukizi. Ikiwa mapafuni pia, ndiyo. Kwa hiyo alipimwa kifua, na sisi sote nyumbani tukapimwa.

*Huyo huyo: Na dawa ni pesa ngapi?*
Za TB ni bure hospitali za serikali. Ya mfupa ni miezi 12, si 6, na mkojo hugeuka rangi ya machungwa. Wangu alinificha siku tatu akidhani figo zimeharibika. Sasa yuko mwezi wa 7. Amerudi shule na barua ya kutobeba ndoo, na jana alinipigia kwa simu ya matroni kuomba biskuti, kwa sababu vidonge vya asubuhi vinampa njaa.