Kumshukuru mdhamini bila kumfanyia tangazo

Kila Novemba, kuelekea Siku ya Kisukari Duniani tarehe 14, huwa naratibu madarasa ya bure ya kisukari kwenye kumbi za kata hapa Tanga. Viti, spika na vijiti vya kupimia sukari hutoka kwa wadhamini, na wana haki ya kushukuriwa hadharani. Lakini mzee aliyekuja kujifunza huamini kila kinachosemwa ukumbini, kwa hiyo shukrani zipangwe kwa makini.

Kabla hujapokea hata shilingi, andikianeni barua ya ukurasa mmoja: anatoa nini, atatajwa wapi, mara ngapi, na kwamba mada na mtoa mada vinachaguliwa na mratibu peke yake. Asiyeliafiki hilo la mwisho, muagane kwa wema.

Shukrani zenyewe zitaje alichotoa, basi. "Vijiti vya kupimia vya leo vimetolewa na duka la dawa fulani, la Barabara ya 12." Mshereheshaji akiongeza "dawa bora kwa bei poa" au "pitieni mjionee", ameshaanza kuuza. Mwandikie neno kwa neno, maana akishika maiki hunogewa. Wadhamini wakiwa wengi, wataje kwa alfabeti, ili aliyetoa katoni mbili za maji asijione si kitu.

Uangalizi mkubwa uwe kwenye somo. Bango la mdhamini likae mlangoni. Slaidi zisiwe na nembo. Dawa itajwe kwa jina lake la kitaalamu. Metformin, kwa mfano, huuzwa kwa majina mengi ya kampuni. Mtoa mada akitaja jina moja la kwenye boksi, kesho watu wanaliulizia hilo hilo dukani na kuiacha ya bei nafuu yenye dawa ile ile. Mashine ya kupimia nayo, mimi hubandika plasta juu ya nembo yake. Na wafanyakazi wa mdhamini wasisogee meza ya vipimo wala kukusanya namba za simu: mtu aliyetoka kuambiwa sukari yake iko juu ana hofu, atanunua chochote atakachowekewa mbele. Hapa silegezi hata kidogo.

Wapo wa kukataa moja kwa moja. Kampuni ya soda isidhamini darasa la kisukari. Kwa darasa la wajawazito na wanaonyonyesha, kataa kampuni za maziwa ya kopo ya watoto: kanuni ya kimataifa iliyopitishwa kwenye mkutano mkuu wa WHO mwaka 1981 inakataza kuyatangaza kwa umma, na inataka wauzaji wake wasiwafundishe akina mama hao. Mwanasiasa akichangia, asomewe mstari mmoja kama wengine, bila hotuba.

Darasa likiisha, mpelekee kila mdhamini idadi ya waliohudhuria na nakala za risiti. Picha za watu wakitobolewa kidole usimpe yeyote.