Kusafisha picha zitoke na rangi yake, kuanzia faili hadi karatasi

Una picha za harusi, kipaimara au mahafali kwenye simu au kamera, na unataka kuzisafisha hapa Dodoma bila kurudi studio mara tatu kudai zirudiwe. Namna ya kupiga siigusii. Hatua ya 4 ndiyo yenye kazi, usiiruke.

Hatua ya 1: Pata faili halisi

Faili itoke kwenye simu au kamera iliyopiga. Picha iliyopita WhatsApp kwa kawaida hushushwa hadi pikseli 1600 hivi upande mrefu. Kwa karatasi ya inchi 4x6 itavumilika. Ikuze kuwa 8x12 uone kope zinavyogeuka uji. Kama aliyepiga yuko Singida, mwambie aitume kama dokumenti. Picha ya skrini usiipeleke kabisa.

Hesabu ni nyepesi: zidisha inchi kwa 300. Picha ya 4x6 inataka pikseli 1200 kwa 1800, ya 8x12 inataka 2400 kwa 3600. Ya ukutani ukizidisha kwa 200 inatosha, maana hutazamwa kwa mbali. Pikseli kwa kila inchi zikishuka chini ya 150, punguza saizi ya karatasi.

Simu za iPhone huhifadhi picha kwa aina ya faili iitwayo HEIC, na kompyuta nyingi za studio haziifungui. Geuza kuwa JPG ukiwa nyumbani. Rangi ziwe za mfumo wa sRGB, ule wa kawaida. Faili ya Adobe RGB ikiingia kwenye mashine isiyosoma aina hiyo hutoka imepauka, halafu fundi analaumiwa bure.

Hatua ya 2: Kata mwenyewe

Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, kamera nyingi 3 kwa 2. Karatasi ya 4x6 ni 3 kwa 2, kwa hiyo picha ya simu ikijazwa karatasi nzima hupoteza sehemu moja ya tisa ya upande mfupi. Kwenye kundi la watu ishirini waliopangwa ngazini, hapo vimeondoka vilemba vya mstari wa nyuma au viatu vya mstari wa mbele. Picha ya kamera ikiingizwa kwenye 8x10 hupoteza moja ya sita ya urefu, yaani shangazi wa huku na shangazi wa kule. Ikate mwenyewe kwenye simu, kwa uwiano wa karatasi unayoitaka, na uache kama milimita 3 kila ukingo kwa sababu mashine huikuza picha kidogo isiache mstari mweupe. Kwa picha za simu mimi nashikilia 6x8: inaingia bila kukatwa.

Hatua ya 3: Chagua studio kwa dawa yake

Kwa albamu tafuta mashine ya dawa, ile inayopiga mwanga kwenye karatasi kisha inaipitisha kwenye dawa. Mashine ya wino iliyotengenezwa kwa ajili ya studio nayo inafaa. Printa ya ofisini iliyowekewa karatasi inayong'aa, hapana; dondosha tone la maji kwenye picha yake utaelewa.

Omba kuona picha iliyotoka leo, yenye ukingo mweupe na mtu aliyevaa suti nyeusi. Ukingo ukiwa wa manjano au wa waridi, au nyeusi ikielekea ukahawia au kijani, ondoka. Dawa isiyotumika huchoka ndani ya tangi, hivyo studio yenye foleni ya harusi mara nyingi ina dawa nzuri kuliko ile tulivu yenye kochi. Umeme ukiwa umekatika na kurudi muda huo huo, kanywe chai kwanza. Dawa inahitaji kurudi kwenye joto lake.

Hatua ya 4: Jaribio, oto ikiwa imezimwa

Mashine ya studio ina marekebisho ya oto. Inaangalia wastani wa picha nzima na kuuvuta kwenye kijivu cha kati, bila kujua anayeonekana ni nani. Shela likijaa fremu, inadhani picha imezidi mwanga, inaifanya nzito na uso wa bibi harusi unazama. Majoho meusi yakijaa, inadhani ni giza, inang'arisha, na nyuso zinakuwa za majivu.

Kwetu kuna la ziada, udongo mwekundu. Picha ya mahafali nje ya ukumbi wa Chimwaga saa saba mchana ina wekundu chini kote, na mwanga ulioruka kutoka ardhini umepaka hata videvu. Oto inauona wekundu wote huo kama kosa, inaongeza rangi ya kinyume chake, na ngozi ya kahawia inatoka na ukijani wa mgonjwa wa tumbo. Udongo nao unakuwa kama wa kwingine kabisa.

Fanya hivi. Chukua picha moja yenye uso, kitu cheupe na kitu cheusi. Tengeneza nakala tatu kwenye programu ya kurekebisha picha kama Snapseed au Lightroom: A kama ilivyo, B imeongezwa mwanga kidogo, C imeongezwa mara mbili ya hapo. Andika herufi pembeni ya kila nakala, uhifadhi kwa ubora wa asilimia 95 au zaidi. Kabla ya kurekebisha, shusha mwanga wa skrini hadi nusu. Wengi huku huweka skrini hadi mwisho kwa ajili ya jua, na ndiyo maana picha ya karatasi huonekana "imekuwa nyeusi".

Studio sema: "Nisafishie hizi tatu za 4x6, oto ofu, usiguse rangi wala mwanga." Ongeza na hili: "Ngozi usiing'arishe." Wengine hung'arisha bila kuulizwa wakidhani wanakufanyia hisani.

Usizihukumu mlangoni juani. Jua la Dodoma huokoa hata picha nzito, ukifika sebuleni usiku inakuwa giza. Zitazame barazani kivulini, kisha ndani. Angalia sehemu tatu: kola ya suti ionekane ikitengana na bega, mikunjo ya shela isifutike, na sikio lililo upande wa kivuli liwe na umbo. Zote tatu zikikubali kwenye B, rekebisha picha nyingine zilizopigwa mahali hapo kwa kiasi cha B. Zilizopigwa ukumbini chini ya taa za rangi zinataka jaribio lake.

Rangi ikikataa, mweleze fundi unachokiona: "uso una ukijani", "shela lina ubluu". Ana vitufe vya njano, majenta, sayani na uzito wa picha, na anajua kipi kinakwenda wapi kwenye mashine yake. Ukianza kumtajia vitufe mtapotezana. Akirekebisha, omba moja tu ya kuhakiki kabla ya kutoa mia mbili.

Hatua ya 5: Peleka kazi

Faili ziwe kwenye folda zenye majina kama "6x8 mati nakala 2". Kompyuta za studio huweza kuwa na virusi, kwa hiyo tumia kadi ya SD iliyofungwa kwa kile kitufe cha pembeni, au flashi isiyo na kitu kingine. Chagua mati, karatasi isiyong'aa. Glosi, ile inayong'aa, hushika alama za vidole tangu siku ya kwanza, hasa picha ikizungushwa kwa wageni.

Hatua ya 6: Kuchukua

Hesabu hapo hapo, linganisha na ile B. Kipindi cha upepo mkavu, Julai hadi Septemba, picha hujikunja kuelekea upande wa uso; zilaze chini ya vitabu vizito siku mbili. Kwenye fremu weka pasipatuu, ile kadi nene inayozunguka picha, kioo kisiguse picha. Masika yakiingia na unyevu, picha iliyogusana na kioo hunata, na ukiivuta inabaki nusu huku nusu kule.