Umepitwa na bodi ya vyeo katika Jeshi la Marekani? Namna ya kuomba faili lako liangaliwe upya

Orodha ya vyeo ikishatoka, haipiti saa moja kabla kikosi kizima hakijajua nani yumo na nani hayumo. Asiyekuwemo husalimiwa kwa sauti ya chini, kama mfiwa. Jioni simu inalia kutoka nyumbani, mzazi anauliza, "Vipi, meja tayari?" na mtu hajui aanzie wapi kueleza.

Nimefanya kazi ya utumishi kwa miaka mingi, mikononi mwangu yamepita mafaili ya maafisa wengi, wakiwemo ndugu zetu waliozaliwa Mombasa, Moshi na Bukavu. Nimeona wazuri wakikata tamaa kabla hawajafungua faili lao wenyewe. Ari ikishakufa, afisa huja kazini kwa mazoea na kuhesabu siku. Hilo huniuma kuliko kule kupitwa, maana mara nyingine kilichomwangusha ni karatasi, na karatasi ina njia yake ya kurekebishwa. Njia hiyo ndiyo ninayoieleza hapa, kwa maafisa wa Jeshi la Nchi Kavu walio kazini muda wote. Vikosi vingine vina njia zinazofanana, lakini ofisi ni tofauti.

Kwanza, ujue umepitwa vipi

Sheria ya vyeo vya maafisa, ambayo wengi huiita DOPMA, ilipitishwa mwaka 1980. Kiwango kilichowekwa chini yake ni kwamba katika kila maafisa 100 waliofikia zamu yao, yaani wakati wa kawaida wa kutazamwa na bodi kwa cheo kinachofuata, wanaopanda kuwa meja wawe 80 hivi, luteni kanali 70 na kanali 50. Maana yake ni kwamba katika zamu ya kanali, nusu ya watu waliofanya kazi vizuri kwa miaka zaidi ya 20 watabaki walipo, na hawakukosea chochote. Jiambie hilo mapema. Kupitwa peke yake hakuthibitishi kwamba mtu alikuonea.

Kama bodi ilikutazama kabla ya zamu yako ikakuacha, huhesabiwi kuwa umepitwa. Ila kapteni au meja aliyepitwa mara mbili kwa hesabu kamili, sheria inamtoa jeshini, mwisho kabisa siku ya kwanza ya mwezi wa saba baada ya mwezi ambao Rais aliidhinisha ripoti ya ile bodi ya pili. Wanaosalimika ni waliochaguliwa maalumu waendelee, na wale waliobakiza miaka miwili au pungufu kufikia kustaafu, ambao huachwa wafikishe 20. Kwa hiyo ukipitwa mara ya kwanza, saa imeanza kuhesabu. Usisubiri uchungu upoe ndipo uanze.

Fungua faili, hesabu tarehe

Bodi haikujui. Haijui ulivyokesha mazoezini wala askari wangapi wanakupenda. Ina ripoti zako za tathmini, muhtasari wa historia yako ya kazi, na barua yako kama uliandika.  Hata picha ziliondolewa mbele ya bodi za Jeshi la Nchi Kavu mwezi Agosti 2020.

Ingia kwenye iPERMS, mfumo wa kompyuta unaotunza faili lako la utumishi, chukua kalamu na karatasi ya kawaida, uandike tarehe ya kuanza na ya kuisha ya kila ripoti, moja chini ya nyingine. Usifanye kwa macho tu.

Kapteni mmoja alikuja mezani kwangu jioni, kofia mkononi, akasema, "Afande, mimi basi. Nitamaliza mkataba niondoke." Nikamwambia, "Kaa kwanza, mdogo wangu." Tukaandika tarehe. Ripoti moja iliisha tarehe 14 Machi. Iliyofuata ilianza tarehe 2 Februari ya mwaka uliofuata. Katikati palikuwa na shimo la karibu miezi 11, na ndiyo miezi aliyoongoza kombania nje ya nchi, kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Ripoti ilikuwa imeandikwa, ikasainiwa, kisha kikosi chake cha zamani hakikuifikisha inakotakiwa. Bodi ilimpima kapteni asiyekuwa na uongozi wa kombania. Alikaa akiangalia lile shimo kwenye karatasi, kidole kikiwa juu yake, bila kusema neno kwa muda mrefu.

Ukimaliza tarehe, angalia elimu, nishani na vyuo vya kijeshi ulivyopitia. Tazama pia kama kuna hati ya mtu mwingine iliyoingia kwako kwa kufanana jina. Kwa majina yetu hilo si jambo la kupuuza; jina la baba na jina la ukoo hubadilishana nafasi kila mahali.

Kama bodi bado haijakaa

Huu ndio wakati wa bei nafuu. Rekebisha yanayorekebishika kupitia ofisi ya utumishi ya kikosi, kisha kama kuna jambo ambalo faili haliwezi kulisema lenyewe, mwandikie mwenyekiti wa bodi. Sheria inakupa haki hiyo, na barua iwe imefika siku 10 kabla bodi haijakutana. Imefika, si imetumwa.

Iwe fupi. Nusu ukurasa unatosha: ripoti fulani imechelewa kwa sababu hii, nakala imeambatishwa. Usilalamikie wakubwa wako humo, na usijisifu. Usiandike kabisa kama huna jipya la kusema.

Ukishapitwa: chagua mlango sahihi

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu milango ni mitatu na kila mmoja unauliza swali lake.

Mlango wa kwanza ni wa kupinga ripoti ya tathmini. Unafaa pale ripoti yenyewe ina kosa: tarehe si sahihi, aliyekutathmini hakuwa mkuu wako halali, au maneno yaliyomo si ya kweli. Kwa rufaa ya kiini cha ripoti una miaka mitatu tangu tarehe ripoti ilipoishia, na ushahidi unatakiwa uwe wa wazi wa kushawishi, kiwango cha juu kweli. Maneno yako peke yako hayatavuka. Tafuta maelezo yaliyosainiwa na watu waliokuwepo na walioona kwa nafasi yao, wakieleza walichoona na tarehe. Barua za "namfahamu ni mtu mzuri" hazina uzito, hata zikiwa 20. Na tafadhali, usipinge ripoti kwa sababu tu mtathmini mkuu amekuwekea alama kwenye kisanduku cha daraja la pili badala ya la juu. Mtathmini mkuu analazimika kubakiza kisanduku cha juu chini ya asilimia 50 ya ripoti zake za cheo hicho. Kisanduku cha pili hakimtukani mtu.

Mlango wa pili ni kuomba bodi maalumu ya uteuzi. Huu ndio uliomfaa yule kapteni. Unaombwa kwa kamandi ya rasilimali watu ya jeshi, iliyoko kambi ya Fort Knox, pale ambapo bodi ya kwanza haikukutazama kabisa kwa kosa la kiofisi, au ilikutazama bila taarifa muhimu, au kulikuwa na kosa kubwa la ukweli au la taratibu. Bodi hiyo huchukua faili lako kama lingekuwa limekamilika siku ile, hulilinganisha na sampuli ya mafaili ya waliopita na walioachwa na bodi ya kwanza, kisha hupiga kura.

Kuna sharti moja linaloua maombi mengi. Kama ungeweza kuliona kosa na kulirekebisha mapema kwa uangalifu wa kawaida, ombi hukataliwa. Utaulizwa: wewe mwenye faili ulikuwa wapi? Kapteni wetu aliokolewa na barua pepe nne alizoandika miezi kadhaa kabla ya bodi, akiulizia ripoti yake. Wakati anaziandika alijiona anasumbua watu. Tulizichapisha zote, tarehe zikionekana juu, zikawa kiambatisho cha kwanza. Ukiulizia jambo la faili lako, basi uliza kwa maandishi, na jibu ulihifadhi mahali pako mwenyewe, si kwenye kompyuta ya ofisi ambayo utaiacha ukihamishwa.

Mlango wa tatu ni Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Jeshi, kwa kifupi ABCMR. Wajumbe wake ni raia, na mamlaka yake ni mapana: inarekebisha kosa au dhuluma yoyote iliyomo kwenye kumbukumbu. Lakini ni mlango wa mwisho. Ukienda huko kabla ya kugonga ile mingine inayokuhusu, watakurudisha.

Kujaza fomu DD 149

Maombi ya ABCMR hufanywa kwa fomu hii, haina ada. Muda ni miaka mitatu tangu ulipogundua kosa. Ukichelewa, bodi inaweza kukusamehe kwa maslahi ya haki, ila lazima ueleze sababu. Pale panapouliza tarehe ya kugundua, usiache wazi.

Sehemu nzito ni mbili: unaomba nini kirekebishwe, na kwa nini ni kosa au dhuluma. Watu humwaga moyo wote kwenye ya pili na kuisahau ya kwanza. Bodi haiwezi kukupa usichoomba kwa jina. Fomu utaijaza kwa Kiingereza, lakini ifikirie kwanza kwa lugha unayowaza nayo, hivi:

"Naomba ripoti yangu ya tathmini ya tarehe fulani hadi fulani iondolewe kwenye faili, na kumbukumbu ya kupitwa na bodi ya mwaka fulani ifutwe. Ripoti hiyo ilisainiwa na afisa aliyehamishwa siku 40 kabla ya kipindi hicho kuanza. Amri yake ya uhamisho ni kiambatisho A. Maelezo ya aliyekuwa ofisa utumishi wa kikosi ni kiambatisho B."

Sentensi nne, na kila moja ina karatasi nyuma yake au inaelekeza kwenye karatasi. Mkasa mrefu ukiuhitaji, uweke kwenye kurasa za nyongeza, ukifuata mpangilio wa tarehe. Ambatisha nakala, asili baki nazo. Kuna mahali pa kuomba ufike mwenyewe mbele ya bodi. Unaweza kuomba, lakini ni nadra kukubaliwa, kwa hiyo andika kana kwamba hutapata nafasi ya kufungua mdomo. Saini. Fomu isiyosainiwa hurudi, na utakuwa umepoteza wiki.

Kabla ya kutuma, mpelekee mwanasheria wa msaada wa kisheria wa kambi aisome. Ni bure kwako, na atakata maneno ya hasira ambayo wewe huyaoni tena.

Baadaye bodi huweza kuomba maoni ya ofisi husika ya jeshi. Nakala ya maoni hayo hutumwa kwako, na una siku zilizoandikwa kwenye barua kuyajibu. Yajibu, hasa yakiwa dhidi yako. Kukaa kimya hapo ni kama kukubali.

Miezi ya kungoja

Sheria inazitaka bodi za kurekebisha kumbukumbu zimalize asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10, na yote ndani ya 18. Ni muda mrefu kwa mtu aliyeumia. Niseme wazi ninachoamini: miezi hii ndiyo huamua utatoka kwenye jambo hili ukiwa afisa wa namna gani. Bodi inayofuata ya kawaida itakaa ombi lako likiwa bado liko njiani, na itasoma ripoti unayoandikiwa sasa hivi. Ukifanya kazi ya kinyongo, utakuwa umeandika kwa mkono wako sababu halali ya kukuacha.

Mwambie mkuu wako kwamba umeomba. Si lazima umweleze kila kitu, ila asisikie kwa wengine. Waambie pia wa nyumbani, mke au mume kwanza, kwa sababu wanaona uso wako kila jioni na hawajui umekosewa na nani. Na kwa afisa ambaye bado hajapitwa kwa cheo hicho, lakini anahisi hajakomaa kwa zamu ijayo kwa sababu yuko masomoni au kwenye kazi ya pembeni yenye faida kwa jeshi, sheria iliyopitishwa mwaka 2018 ilifungua nafasi ya kuomba asitazamwe na bodi ya mwaka huo bila kuhesabiwa kupitwa. Huombwa kabla ya bodi, na lazima ombi likubaliwe.

Majibu yakija

Bodi maalumu ikikuteua, unapata cheo kwa tarehe ile ile ambayo ungepata na bodi ya kwanza, pamoja na malipo ya nyuma. Isipokuteua, na bodi ya kwanza ilikuwa imekutazama, haikuongezei hesabu ya kupitwa, unabaki ulipokuwa; lakini kama bodi ya kwanza haikukutazama kabisa, sasa utahesabiwa umepitwa. ABCMR ikikataa, unaweza kuomba waangalie tena, lakini uwe na ushahidi ambao hawakuwahi kuuona. Kurudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi hakusaidii.

Ikikubali, usiishie kwenye furaha. Fungua tena iPERMS, toa ile karatasi yako ya tarehe, na uhakikishe marekebisho yameingia kweli. Kisha fuatilia ofisi ya malipo kwa maandishi. Kapteni wangu, ambaye siku hiyo alikuwa meja, alikuja na hati yake ya mshahara ikionyesha malipo ya nyuma yamepungua miezi miwili. Tuliketi pale pale, tukaandika tarehe moja chini ya nyingine.