Polisi wamekuja na hati ya kukamata: isome hivi

Wateja wangu wengi wa kesi za jinai huniambia, "Wakili, waliniletea karatasi," lakini karatasi hiyo ilisema nini hawajui. Inaniuma kila mara. Ninayoeleza hapa ni sheria ya Kenya, Sura ya 75, yaani sheria ya mwenendo wa kesi za jinai.

Hatua ya 1: Omba uonyeshwe. Kifungu cha 107 kinamtaka afisa akuambie hati inahusu nini. Karatasi yenyewe halazimiki kukuonyesha mpaka uiombe. Basi iombe, kwa upole. Hata kama hana karatasi, usimsukume wala usikimbie. Kifungu cha 29 kinamruhusu kukukamata bila hati kwa makosa mengi, na pia akiwa na sababu ya kuamini kwamba hati imeshatolewa.

Hatua ya 2: Kagua sahihi ya hakimu au jaji, muhuri wa korti, kosa lililotajwa kwa ufupi, na jina lako au maelezo yanayokutambulisha. Kikikosekana kimoja, mjulishe wakili papo hapo.

Hatua ya 3: Tafuta maandishi ya dhamana. Hapa ndipo watu hulala seli bure. Chini ya kifungu cha 103, hakimu anaweza kuandika kwenye hati kwamba uachiliwe ukipata wadhamini, akataja idadi yao, kiasi cha fedha na siku ya kufika kortini. Ukitimiza, afisa hana budi kukuachilia.

Hatua ya 4: Wakili aende masjala ya korti akafungue faili. Je, hati ilitokana na malalamiko? Kifungu cha 100 hakiruhusu itolewe bila mlalamikaji kuapa, kwa hiyo atafute kiapo hicho. Au ni samansi (wito wa kufika kortini) uliyopuuza? Hiyo ni kifungu cha 101.

Kama ulikosa tarehe ya kesi, usingoje kufuatwa. Hati haichakai: hudumu mpaka itekelezwe au korti iliyoitoa iifute, na hutekelezwa popote nchini. Jipeleke kortini asubuhi, na cheti cha hospitali kama ulikuwa mgonjwa, wakili aombe ifutwe.

Hatua ya 5: Ukichukuliwa, mtu wa nyumbani aandike saa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Zikiishia siku isiyo ya korti, mwisho ni siku ya korti inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa jioni huweza kungoja hadi Jumatatu.