Ukoka wa nyumbani: kuuwekea mbolea na kudhibiti magugu, hatua kwa hatua

Nikiitwa nyumbani kwa mtu kwa ajili ya magugu, huanza kwa kuukagua ukoka wenyewe. Mara nyingi mwenye nyumba ameshanunua dawa, iko stoo, anasubiri mtu wa kupuliza tu. Ukiinama unakuta majani yamepauka, yamefyekwa hadi udongo unaonekana, na kati ya shina na shina panapita vidole viwili. Uwanja wa namna hiyo ukiyaua magugu yake leo, mvua ya kwanza itayarudisha, maana mbegu zimejaa udongoni na jua linazifikia. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: kata vizuri, weka mbolea, ndipo upambane na magugu yaliyobaki. Ndago peke yake haifuati utaratibu huo, na nitaieleza kwa kirefu mwishoni.

Nawaandikia zaidi watu wa pwani, Dar es Salaam, Bagamoyo, Tanga hadi Mombasa, kwenye joto, udongo wa kichanga, masika kuanzia Machi na vuli kuanzia Oktoba. Aliyeko Arusha, Mbeya au Nairobi mwenye nyasi za Kikuyu anaweza kutumia hesabu zilezile za mbolea, ila kalenda airekebishe kwa mvua za kwake.

Hatua ya 1: Yajue majani yako

Ukoka wa kawaida una majani membamba, unatambaa juu na chini ya udongo, na unataka jua la kutosha. Chini ya mwembe hautashika hata uumwagie gunia zima la mbolea. Nyasi za Pemba zina jani pana, bapa, na zinavumilia kivuli kiasi. Paspalamu ndiyo ya kupanda kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, na visima vya namna hiyo ni vingi karibu na bahari. Wenye maji hayo wakumbuke jambo moja: mbolea ya dukani nayo ni chumvi. Weka nusu ya kipimo nitakachotaja hapa, mara nyingi zaidi, kuliko kuweka yote siku moja.

Hatua ya 2: Kata, lakini usinyoe

Ukoka mwembamba uachwe na urefu wa sentimita 3 hadi 4, nyasi za Pemba sentimita 5 hadi 7. Kila unapokata, ondoa theluthi moja tu ya urefu uliopo. Kama umesafiri ukarudi ukakuta yamefika gotini, shusha kwa awamu, wiki hii kidogo na wiki ijayo kidogo. Kijana wa kufyeka anayelipwa kwa siku atapenda kushusha yote kwa mara moja ili asirudi mapema, na mwenye nyumba naye huona amepata thamani ya pesa yake. Hapo ndipo mbegu za magugu zinapopata mwanga.

Kisu cha mashine kinolewe. Ncha za majani zikiwa na nyuzinyuzi nyeupe siku moja baada ya kukata, kisu ni butu. Vipande vifupi viache palepale vioze, vinarudisha naitrojeni, chakula kikuu cha majani, udongoni. Vyenye mbegu za magugu vikusanye.

Hatua ya 3: Soma rangi kabla ya kwenda dukani

Majani ya njano hayamaanishi jambo moja. Ng'oa kishina kimoja ukiangalie mkononi. Yakianza kugeuka njano majani ya chini, yale ya zamani, huku machanga ya juu yakiwa bado na ukijani, mmea unahamisha naitrojeni kutoka jani zee kwenda jani jipya: una njaa. Ikiwa jipya ndilo la njano, na ukilielekeza kwenye mwanga unaona mistari ya kijani imepita katikati ya njano, kinachokosekana ni madini ya chuma. Hali hii huonekana sana kwenye viwanja vyenye mawe ya matumbawe, kwa sababu chokaa nyingi hufanya chuma kisichukuliwe na mizizi. Hapo yurea haitasaidia sana, na majivu ya jikoni yataongeza tatizo, kwa kuwa nayo yanapunguza tindikali.

Ukitaka uhakika zaidi, udongo unapimwa maabara, kwa mfano Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Tanga. Kwa uwanja wa nyumba ya kawaida si lazima, labda kama umeshaweka mbolea ipasavyo na bado hakuna mabadiliko.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Namba kwenye mfuko wa mbolea ni asilimia. Yurea ina naitrojeni 46, CAN (kalsiamu amonia naitreti) ina kama 26, SA (salfeti ya amonia) ina 21, na NPK ya 17:17:17 ina 17 ya naitrojeni, 17 ya fosforasi na 17 ya potasiamu. Mimi huweka gramu 4 za naitrojeni kwa kila mita ya mraba kwa mara moja. Kupata uzito wa mbolea yenyewe, zidisha 4 kwa 100, kisha gawanya kwa namba ya naitrojeni.

SA: 400 gawanya kwa 21, ni kama gramu 19 kwa mita ya mraba.
CAN: gramu 15.
Yurea: gramu 9, na usizidishe.
NPK 17:17:17: gramu 24 hivi.

Uwanja wa mita 10 kwa 8 ni mita za mraba 80. Kwa SA utahitaji kilo moja na nusu, kwa yurea gramu 700 tu. Mfuko wa kilo 50 hauna kazi nyumbani, utaishia kuganda kama jiwe. Nunua kilo unazohitaji, ila uone zikipimwa kutoka kwenye mfuko wenye nembo na namba zake. Yurea ni vidonge vidogo vyeupe vya duara, SA inafanana na sukari. Anayekuuzia "mbolea ya bustani" kutoka kwenye ndoo isiyo na jina, muache nayo.

Kwa udongo wa pwani napendelea SA. Inaongeza tindikali kidogo, na hiyo inasaidia pale penye matumbawe, tena ina salfa. NPK naiweka mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa masika. Yurea ni ya bei nafuu ukilinganisha na naitrojeni unayopata, lakini kwenye joto la pwani ikibaki juu ya udongo inageuka hewa. Ukisikia harufu kali kama ya mkojo uwanjani jioni, pesa yako ndiyo hiyo inaruka.

Samadi ni nzuri sana kwa mchanga kwa sababu inashika maji. Lakini ng'ombe anakula magugu, na mbegu nyingine hutoka tumboni zikiwa hai. Tumia iliyoiva kabisa, nyeusi, isiyonuka, ambayo ukichomeka mkono katikati ya lundo hutahisi joto lolote. Ichekeche, kisha itandaze nyembamba, unene wa nusu sentimita.

Hatua ya 5: Mwaga mbolea

Subiri umande ukauke. Chembe ikinata kwenye jani bichi inaacha doa la kuungua. Udongo, kinyume chake, uwe na unyevu, kwa hiyo mwagilia siku iliyotangulia.

Changanya mbolea na mchanga mkavu, ndoo moja ya mchanga kwa kilo moja na nusu ile. Mchanga unakusaidia kuona unapomwaga na unazuia kiganja kimoja kubeba nyingi. Gawa mchanganyiko sehemu mbili sawa. Sehemu ya kwanza mwaga ukitembea kutoka getini kwenda nyumbani, ya pili ukikatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Ukimwaga kwa mwelekeo mmoja tu, baada ya wiki mbili uwanja utakuwa na milia kama pundamilia, na kila mgeni atakuuliza kulikoni.

Fagia chembe zilizoangukia kwenye sakafu ya saruji uzirudishe kwenye majani. Kisha mwagilia palepale, maji ya kutosha kuyeyusha chembe na kuzipeleka kwenye mizizi, si ya kutiririka hadi mtaroni.

Kuhusu wakati: weka mvua zikishaanza na majani yameamka. Katikati ya masika, zile siku za mvua ya kutwa, usiweke kitu, yote yanaishia mtaroni. Rudia mwishoni mwa Mei mvua zinapopungua, halafu tena Novemba. Kama unamwagilia mwaka mzima, kila baada ya wiki 6 hadi 8 inatosha. Kama humwagilii, Juni hadi Septemba yaache majani yapumzike.

Hatua ya 6: Magugu ya majani mapana

Hapa namaanisha mziwaziwa, kishona nguo, kifauongo, mbigiri na wenzao. Baada ya kulisha na kukata vizuri kwa miezi miwili mitatu, yatakuwa yamepungua bila dawa. Yaliyobaki ng'oa siku moja baada ya mvua. Mziwaziwa una mzizi mmoja unaoshuka moja kwa moja. Ukivuta kwa mkono unabaki na majani na utomvu mweupe tu. Chukua bisibisi bapa ya zamani, ichomeke kando ya shina, tingisha, kisha vuta. Utomvu huo usiuguse ukajifuta jicho. Kishona nguo king'olewe kabla hakijatoa zile sindano nyeusi. Kikishatoa, kila suruali inayopita inakusambazia mbegu.

Kama yamezidi mkono, dawa ya kuchagua kama 2,4-D inaua majani mapana na kuacha nyasi. Jaribu kwanza kwenye kipande kidogo usubiri wiki mbili, hasa kama una nyasi za Pemba au paspalamu, kwani si nyasi zote zinaivumilia. Puliza asubuhi kabla upepo haujaamka. Miezi ya kusi upepo unaanza mapema, na mvuke kidogo tu ukifika kwenye mpapai, nyanya au mchicha wa jirani, utaona majani yanajikunja na ugomvi unaanza. Tumia tundu la bomba linalotoa matone makubwa, shinikizo dogo, na bomba hilo lisitumike tena kwa mboga, hata ukiliosha.

Kipimo fuata kibandiko cha chupa uliyonayo, na chupa hiyo iwe imesajiliwa na mamlaka husika: TPHPA kwa Tanzania, PCPB kwa Kenya. Vaa buti, glavu, miwani na nguo ya mikono mirefu. Watoto, kuku na mbwa wasikanyage hadi kukauke kabisa. Usipulize wiki uliyokata; gugu linahitaji jani la kupokelea dawa.

Na ile habari ya kumwaga chumvi na siki: chumvi inaua kila kitu, kisha inabaki udongoni. Usiiweke.

Hatua ya 7: Ndago

Kwanza hakikisha ni ndago. Kata bua, liviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. La nyasi linazunguka laini, la ndago linagotagota kwa sababu lina pembe tatu. Majani yake yanang'aa kuliko ukoka, na siku mbili tatu baada ya kukata uwanja ndiyo imesimama juu ya vingine vyote.

Haitoki kwa kung'oa kwa sababu chini kuna vinundu vyeusi vigumu, vimeunganishwa kwa nyuzi kama shanga. Ukivuta, uzi unakatika, kinundu kinabaki, na vile vilivyokuwa vimelala navyo vinaamka. Unang'oa mmoja, unapata mitatu. Jembe ni baya zaidi, linavisambaza. Na kwa kawaida hukuvipata kwa bahati mbaya: vilikuja na lori la udongo mweusi, au kwenye vipande vya ukoka ulivyonunua kando ya barabara. Kabla ya kupokea udongo, chota ndoo, umwage juu ya turubai, uupekue. Ukikuta vinundu, lori ligeuze.

Ikiwa ni mashina machache, tumia glaifoseti kwa kupaka, siyo kupuliza, kwani inaua na ukoka. Kata uwanja, subiri siku nne tano ndago isimame juu ya nyasi. Vaa glavu ya mpira, juu yake glavu ya kitambaa. Chovya vidole kwenye dawa iliyochanganywa kama kibandiko kinavyosema kwa kupaka, kamua isidondoke, kisha shika kila shina la ndago chini na upandishe mkono hadi ncha. Fanya hivyo ikiwa na majani manne hadi sita na haijatoa maua, wakati huo inateremsha chakula kwenda kwenye vinundu na dawa inateremka nacho. Usikate kwa wiki mbili. Itageuka njano polepole, usiwe na haraka ya kurudia.

Dawa yenye halosulfuroni inaua ndago ndani ya nyasi bila kuua nyasi, na ukiipata dukani kwa kiasi kidogo inakuokolea kazi ya glavu. Nayo ni ya polepole, wiki tatu nne kabla hujaona kitu, na karibu kila mara inahitaji kurudiwa vinundu vingine vinapochipua.

Ndago ikishashika zaidi ya nusu ya uwanja, mimi humwambia mwenye nyumba tuanze upya. Mwagilia wiki mbili ili vinundu vingi vichipue, puliza glaifoseti uwanja mzima siku isiyo na upepo, mwagilia tena, subiri zinazochipua baada ya hapo, puliza mara ya pili. Usilime. Panda ukoka mpya kwa vipandikizi mwanzoni mwa masika, vilivyooshwa mizizi kwenye ndoo ya maji hadi udongo wa kitaluni uishe.